Wasifu wa Dada Yetu Bi Subiri, Aliyepanda Ngazi za Ukumbi Mkuu

Ndugu, jamaa na majirani, ahsanteni kwa kufika. Mimi ni mdogo wake marehemu, niliyemfuata ziwa. Nimepewa kazi ya kusoma wasifu wake, na yeye mwenyewe aliniachia neno la kusema mbele yenu. Nitalifikia.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, kifunguamimba wa baba fundi wa mabehewa na mama mshonaji. Mama alitusimulia kuwa siku ile kichanga kililia mpaka mafundi wa zamu wakaweka nyundo chini, wakidhani king'ora cha kutoka kazini kimelia. Baba alimkumbushia kisa hicho kila alipotaka kumnyamazisha. Hakunyamaza hata siku moja.

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha sekondari ya wasichana, akamaliza mwaka 1979. Hesabu zilimpiga chenga, lakini kwa kusoma kwa sauti darasani hakuwa na mpinzani. Mwaka uliofuata aliajiriwa na shirika la simu. Alikaa mbele ya ubao wa nyaya, hedfoni kichwani, akiunganisha mji mzima. "Subiri kidogo, nakuunganisha," ndilo lililokuwa neno lake, na ndilo lililomzalia jina la Bi Subiri. Bwana mmoja alimfokea siku moja kwamba amechoka kusubiri. Dada akamjibu taratibu, "Hata mimi, baba, nasubiri umalize kufoka." Kesho yake yule bwana alipiga kuomba radhi.

Kila siku aliunganisha simu za Ukumbi Mkuu, lile jengo la kale lenye nguzo za mawe. Bawabu wake alimjua kwa sauti, wakijuliana hali za watoto, lakini mguu wa dada haukuwahi kukanyaga humo. "Pale pana wenyewe," alikuwa akisema. Mitambo mipya ilipokuja, ubao ule ulifungwa, naye akahamia mapokezi ya zahanati mpaka alipostaafu mwaka 2016.

Tarehe 6 Desemba 1986 aliolewa na shemeji yetu, ambaye mchana alikuwa fundi umeme na jioni mpiga gitaa. Walijaliwa mtoto wa kiume na, baada ya miaka mingi ya kungoja, binti. Mwaka 2003 lori lililokuwa likiirudisha bendi kutoka kwenye onyesho lilipinduka, shemeji akafia palepale. Binti alikuwa na miaka saba. Dada aligawa gitaa, akagawa redio, akasema, "Muziki umeshakula mmoja katika nyumba hii. Wa pili haumpati."

Lakini maji hufuata mkondo. Binti alimaliza masomo ya uhasibu, akakaa ofisini muda mfupi, akaacha. Akaanzisha bendi na wenzake watatu. Hawakuwa na mfadhili wala kampuni. Walitunga wenyewe, wakajirekodi kwa kompyuta ya kuazima, wakafanya mazoezi Jumapili katika gereji ya kuchomelea vyuma. Mama na binti wakaacha kusemeshana. Maneno yao yakawa yanapitia kwangu.

"Mjomba, mwambie mama asisahau dawa."

"Mwambie huyo mwimbaji sijasahau."

Dawa zilikuwa za moyo. Mwaka 2021 daktari aligundua kuwa moyo wake umepanuka, akamkataza kupanda ngazi na kukaa penye msongamano. Miguu ilivimba, usingizi ukawa wa kuketi. Hakulalamika, ila alikuwa mkali zaidi, nasi tulijua ni woga.

Julai mwaka huu bendi ilialikwa kupiga Ukumbi Mkuu. Binti alinipa tiketi mbili bila kusema ni za nani. Dada aliigeuzageuza yake, akasema, "Nipeleke." Nikamkumbusha maneno ya daktari. Akasema, "Daktari hana mtoto anayeimba pale."

Ilikuwa Jumamosi alasiri, tarehe 19. Viti vya chini vilikuwa vimejaa, nafasi zetu zilikuwa roshani. Nilimsihi turudi. Alishika reli ya shaba, akapanda, akapumzika, akapanda tena. Alipofika juu alitazama dari lenye nakshi, ile taa kubwa ya vioo na viti vya mahameli iliyochakaa. "Kumbe ni pazuri hivi," akasema, akaketi akihema.

Bendi ilianza vibaya. Mwangwi wa jengo lile uliyameza maneno, ngoma zikaturudia kutoka darini kama mawe. Watu wakaanza kunong'ona na kuchezea simu. Dada alinikamata mkono. "Wanamzomea?"

"Hapana. Hawasikii tu."

Ndipo binti akawaashiria wenzake wanyamaze. Aliweka kipaza sauti chini, akasogea ukingoni mwa jukwaa na gitaa kavu lisilo la umeme, akaimba kwa sauti yake tupu. Ulikuwa wimbo wa mtoto anayekaa dirishani akisikiliza kila lori linalopita. Kila neno lilitufikia. Ulipoisha, kabla hata ya kofi la kwanza, dada alisimama. "Huyo ni wangu!" Watu wakageuka, wakacheka, kisha ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Kule chini binti alishindwa kuanza wimbo uliofuata, mpaka mpiga ngoma akamwanzia.

Walionana nyuma ya jukwaa. Dada alisema, "Sijakubali, mwanangu. Nimesikia tu."

Binti akasema, "Basi, mama. Inatosha."

Hawakukumbatiana. Binti alipiga magoti, akamfunga mama yake kamba za viatu, maana miguu ilikuwa imezidi kuvimba.

Kesho yake pumzi ilimwishia, tukamkimbiza hospitali. Alifariki Alhamisi asubuhi, tarehe 24 Julai, akili zake zikiwa timamu.

Tangu hapo maneno yamesemwa msibani, mengine mbele ya mtoto mwenyewe: kwamba wimbo ndio uliomuua mama yake. Binti amekuwa akilala kwa jirani. Dada aliyajua haya kabla hayajasemwa. Wodini aliniambia, "Watasema ni yeye. Wewe sema hadharani, maana wao watasema chini chini. Miguu ilikuwa yangu, na ngazi nilizipanda mwenyewe." Nimesema.

Marehemu ameacha mdogo mmoja, mawifi wawili, wajukuu watatu, mtoto wa kiume ambaye ni dereva wa treni, na binti mmoja, mwanamuziki, aliyeketi hapa mstari wa mbele, mahali pake.

Apumzike kwa amani. Nasi tuliobaki, tuitafute yetu.