Wimbo Uliomzidi Umri

Ndani ya treni, mama mmoja alikuwa akimbembeleza mwanawe kwa wimbo. Kinyozi aliyekaa mkabala naye, mjuaji kama vinyozi wote, hakuvumilia. "Dada, huo ni wa yule malkia wa jazi. Kautunga mwenyewe, santuri ninayo."

"Kaka, hebu niache! Huu ni wa bibi yangu, naye alirithi kwa bibi yake."

Kiti cha nyuma, malkia mwenyewe alijifunika mtandio, kicheko kikimpalia. Maisha yote jukwaani, na hakuwahi kusifiwa hivyo: wimbo wake umemzidi umri! Mama alipoendelea kuimba, uzalendo ukamshinda, akaitikia.

Mama mtu akageuka. "Hapo umekosea, shangazi. Bibi hapandishi sauti hapo, anashusha."

Treni ikasimama. Malkia akateremka kwa maringo, akiuimba vilevile alivyofundishwa.