Bati Anataka Kurudi Juu ya Paa

Nje ya kibanda cha kinyozi kuna benchi lenye miguu mitatu; wa nne ni tofali. Asubuhi ile tofali lilipumzika, maana Bati hakuweza kukaa kitako. Huyu Bati ni fundi wa paa, mnene, mcheshi, na jambo moja tu lilimuuma: tangu ubao uvunjike chini yake, shemeji yake, msimamizi wa mafundi, alimkataza kupanda. Akabaki chini kuwapitishia misumari watu aliowafundisha yeye kushika nyundo! Jumatatu wanaanza kuezeka ghala jipya, na Bati alikuwa ametoka duka la dawa kupima uzito. Furaha ilimpanda mpaka kahawa ikammwagikia vidoleni.

— Kilo tatu! Wiki haijaisha, kilo tatu!

— Si nilikwambia? akadakia Wembe, kinyozi, kitana kimechomekwa nyweleni. Ni ile nailoni niliyokufunga tumboni. Jasho ni mafuta yanalia!

— Jasho wapi! Ni kuacha kula, akasema Gundi, fundi viatu, kiatu cha mteja mapajani. Wahenga walishasema: mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Umesikia? Hali wali!

— Ila nesi wa duka la dawa alisema nisizidi kilo moja kwa wiki, Bati akakumbuka. Nipunguze sahani, nile kwa wakati, nitembee. Eti haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba si kimeshajaa, bwana? akasema Wembe. Sisi tunakimwaga!

Benchi zima likacheka. Bati alicheka kuliko wote, ingawa masikio yalimvuma. Tangu juzi alikuwa amekunywa maji na kahawa tu, na alijiona shujaa.

— Na usilale chali, Gundi akaendelea. Mafuta ni kama gundi, ukitulia yanaganda. Lala umesimama.

— Nyoa kichwa pia! Wembe akaruka. Nywele zina uzito, nazifagia kila siku mimi! Na nyusi!

— Nyusi tena?

— Paa unataka au hutaki?

— Nataka! Bati akapaza sauti. Jumatatu nitakuwa juu kabla shemeji hajavua koti. Naezeka upande wangu peke yangu, mtaona!

Alikuwa akionyesha kwa mkono jinsi atakavyopigilia, ndipo akafika mama mmoja kuchukua kiatu chake kwa Gundi. Alimtazama Bati: midomo mikavu, macho yameingia ndani.

— Kaka, leo umekula nini?

— Sijala, mama! Ndiyo siri yenyewe!

— Sawa, akasema mama, akawageukia Wembe na Gundi. Akishikwa na kizunguzungu huko juu, nani atamdaka?

Wembe akamtazama Gundi. Gundi akaanza kutafuta sindano iliyokuwa mkononi mwake. Mama akachukua kiatu chake, akaenda zake.

Bati akakaa. Hapo aibu na woga vikamjia pamoja: angepanda kweli, na wenzake wangemwokota chini.

— Mwambieni shemeji Jumatatu nabaki chini, alisema. Na Jumatatu itakayofuata vilevile.

— Unakwenda wapi sasa? akauliza Wembe, maana Bati alishainuka.

— Nyumbani. Kula.