Kasha Lililozunguka Benchi la Ilula

Kijiwe chetu cha Ilula kipo upande wa juu wa barabara kuu, ukishapita meza za nyanya, pale malori yanayotoka Tunduma yanapoanza kupunguza mwendo. Benchi ni moja, refu, na mguu wake mmoja unashikiliwa na tofali. Mwenye birika ni mjomba wangu Sedekia. Kahawa yake inatoka Mbozi na vikombe vyake ni sita tu, kwa hiyo vinazunguka: ukimaliza, unasuuza, unampa mwenzako. Hapo kila kitu kinazunguka, gazeti, kiberiti, hata miwani ya kusomea ni moja ya watu wote. Mimi nikitoka kazini Iringa mjini hupita kumchukua mwanangu Eveline, anayeshinda na mke wa mjomba nyumba ya nyuma. Husuuza vikombe viwili vitatu na kuondoka, na neno langu huwa ni shikamoo. Ijumaa hiyo nilikuwa na ujumbe.

Mimi ni mhudumu katika kliniki ya moyo. Napima uzito na presha, naita majina, nasukuma viti vya magurudumu, na nawaandaa wagonjwa wanaofungwa kasha. Kasha lenyewe ni dogo kama redio ya mfukoni. Lina nyaya tano zinazobandikwa kifuani, na mtu analala nalo siku nzima na usiku wake likiandika mapigo ya moyo. Jumatano asubuhi nilimfunga Ambrosi, fundi wa pampu za umwagiliaji, ambaye kijiweni wanamwita Injinia. Nilimnyoa nywele za kifua sehemu tano, nikabandika vibandiko, nikampa vingine vya akiba na fomu ya kuandika kila saa anafanya nini. Nikamwambia asioge wala asilivue. Alhamisi alilirudisha.

Ijumaa mchana daktari aliniita. Saa kumi jioni ya Jumatano moyo ule ulisimama sekunde nne, mara tatu, na mstari wa mapigo kwenye karatasi ukanyooka. Mwenye moyo huo aje kesho asubuhi, na huenda akapelekwa Dar kuwekewa betri ya kusukuma mapigo. Simu ya Ambrosi haikupatikana, na daktari anajua ninakoishi. Akanipa na ile fomu, maana haikumsaidia. Kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni Ambrosi alikuwa ameandika jambo moja: "Nipo kijiweni."

Nilimkuta kijiweni na Dastan, dalali wa nyanya, anayeitwa Spika kwa sababu ya sauti yake. Mwisho wa benchi, mgongo ukutani na kofia usoni, alikuwepo mzee Nyanda. Alihamia Usangu na ng'ombe wake zamani, kisha akamfuata binti yake huku kwetu. Wanamwita Bosi, kwa kuwa analala kama mtu mwenye wafanyakazi wa kumfanyia kazi. Siku hizi hata kikombe humponyoka mkononi, na wenzake hucheka.

Nilimwomba Ambrosi tusogee pembeni.

– Sema hapa hapa, Mama Eveline, akasema. Hawa ni ndugu zangu.

Nikasema, kwa sauti ndogo. Ambrosi alikishusha kikombe chake, akauliza hiyo betri ni ya kuchaji au ya kubadilisha. Hakuna aliyecheka. Akasema ana watoto wanne na shamba la watu ambalo pampu yake ipo vipande vipande uani kwake.

Spika ndiye aliyeanza kumtetea. Alisema saa kumi ndiyo saa ya malori, na likipita la tani thelathini benchi lote linatetemeka, basi kasha limepoteza hesabu. Mjomba alikataa. Yeye alikumbuka kwamba saa kumi ile timu yetu ilikosa penalti redioni, na mtu angepima nchi nzima angekuta mioyo yote imesimama. Spika akaona hiyo haitoshi. Akasema mashine hizo zimetengenezwa kwa watu wa sehemu za joto. Moyo wa mtu wa nyanda za juu, kwa baridi hii, lazima upumzike mara moja moja, na daktari asiyelala na mablanketi mawili hawezi kuelewa.

– Ni hewa, akasema Ambrosi, akijitahidi. Pampu ikivuta hewa, maji yanakata kidogo, halafu yanarudi. Nilikunywa kahawa nimesimama.

– Umeona? Fundi mwenyewe kasema, akadakia Spika, akainuka kuongeza kikombe.

Shati lake lilikuwa wazi vifungo viwili. Chini ya shingo yake niliona kipande cha mraba kisicho na nywele. Mimi nanyoa vifua vya watu kila siku, najua ukubwa wa mraba huo.

– Baba, nikamwuliza, hapo amekunyoa nani?

Spika akafunga vifungo. Ambrosi akaangalia barabara. Ndipo ikatoka, kidogo kidogo. Jumatano mchana Ambrosi aliitwa mtoni kushusha pampu. Akakumbuka nimemkataza maji, akaona kuliko kasha kukaa bure ni bora mwenzake naye apime, kwa sababu kwenda Iringa kupima ni safari. Akambandika Spika vile vibandiko vya akiba, wakaongezea na plasta ya dukani. Wembe ulikuwa wa mjomba.

Nikamwangalia mjomba. Akamimina kahawa mahali ambapo hapakuwa na kikombe.

– Kwa hiyo saa kumi lilikuwa kwako, Ambrosi akamwambia Spika, na uso wake ukapata damu. Betri ni yako.

– Yangu ya wapi? Mimi nilikaa nalo dakika chache tu. Nilikurudishia.

– Umenirudishia nikiwa ndani ya maji mpaka kiunoni? Nilirudi jua linazama, nikalikuta mezani pa mjomba.

Wakabishana namna hiyo mpaka sauti zikafika kwenye meza za nyanya. Spika alibadilisha maelezo. Sasa ilikuwa kwamba kasha lilikuwa linahama kutoka mtu kwenda mtu, na ule mstari ulionyooka ni safari yake hewani.

Kazini mimi sisemi sana, lakini hili nalijua. Nikawaambia kwamba kibandiko kikibanduka karatasi inachorwa mikwaruzo, kama kuku amepita. Mstari huu ulinyooka safi, halafu mapigo yakaanza tena, mara tatu. Kasha lilikuwa kifuani kwa mtu. Nikasema wote waliolivaa waje kesho saa moja asubuhi. Spika akasema Jumamosi anapakia nyanya, nami nikamjibu kwamba nyanya zitamsubiri.

Wakati huo mama mmoja alikuwa ameketi kando ya mzee Nyanda na kikombe chake. Anaitwa Sabina, anauza vitunguu Ruaha Mbuyuni, na gari lililobeba magunia yake lilikuwa linabadilishwa tairi ng'ambo ya barabara. Alikuwa amesikiliza mabishano yote. Akamgeukia jirani yake, akaisogeza ile kofia kidogo.

– Samahanini. Huyu mzee amelala tangu saa ngapi?

Ambrosi akamwangalia mjomba. Mjomba akamwangalia Spika.

Nilimkabidhi Sabina kikombe nilichokuwa nasuuza, nikapiga goti. Nikashika mkono wa mzee Nyanda, nikaweka vidole viwili kwenye mshipa, nikatazama saa ya simu. Nilihesabu dakika nzima kama nilivyofundishwa. Thelathini na mbili, nusu ya kawaida. Nikafungua shati lake. Miraba mitano, na nywele zilikuwa zimeanza kuchipua.

– Ni mimi, akasema Spika, na safari hii sauti yake haikufika hata kwa mjomba. Nilimbandika kwa utani. Nilimnyoa, hakuamka. Tukacheka.

– Mzee Nyanda, nikaita. Mzee.

Alifumbua macho polepole.

– Nipo, mwanangu. Kahawa imekuja?

– Itakuja. Kwanza tunakwenda mjini mimi na wewe.

Nikampigia daktari. Akasema tusingoje kesho. Nikamtuma Ambrosi akamwite dereva Lutengano na gari lake la Noah, nikamwambia Spika amshike mzee upande wa kulia asimwache atembee peke yake, na mjomba amwambie mkewe kwamba Eveline atalala kwao. Kila mmoja alikwenda nilikomtuma. Ni mara yangu ya kwanza kuona jambo likisemwa kwenye benchi lile bila kubishiwa.

Ndani ya gari Spika alikaa na kichwa cha mzee begani kwake, akimwongelesha habari za ng'ombe ili asisinzie. Ambrosi alikaa mbele, kiganja kifuani, kama anayesikiliza pampu yake mwenyewe. Nilitoa ile fomu mkobani. Kwenye mstari wa saa kumi jioni nikakata "Nipo kijiweni", na juu yake nikaandika kwa herufi za kusomeka: Mzee Nyanda. Alikuwa amelala.