Mnyororo Niliousingizia

Ndugu zangu, habari za mchana. Mwenyekiti wetu wa chama ameniomba nisimulie jinsi chumba hiki tulimokaa kilivyonusurika kufungwa, na amenionya nisitaje jina la mtu. Sitataja. Aibu yenyewe ni yangu peke yangu, sina wa kugawana naye.

Mnanijua. Nilifundisha historia shuleni hadi nikastaafu, na tangu utotoni nina ugonjwa wa kuuliza. Nikimwona mtu na sufuria kuukuu namsimamisha: ilizibwa na nani, kwa bati gani, na mbona mkono mmoja umepinda? Ndiyo sababu nikakodi stoo hii hapa Chaani nikaifanya makumbusho. Watu wa Changamwe wakaniletea karabai, mizani, kofia za kiwandani, vitambulisho vya kazi vya baba zao. Mtu akileta kitu namkalisha, namuuliza hadi anatafuta mlango.

Lakini kodi haingoji hadithi. Shule zilikuja mara moja kwa muhula, na mwenye jengo alikuwa ameshapata mpangaji wa kuuza hapa vipuri vya malori. Nikaanza kupokea vitu haraka haraka bila kuuliza, mradi chumba kijae. Ndipo mama mmoja mjane akaniletea gunia la vitu vya marehemu mumewe. Nikamwambia weka hapo, mama, tutazungumza siku nyingine. Siku hiyo sikuitafuta.

Ndani ya gunia mlikuwa na mnyororo mzito, pete zake zote sawa isipokuwa moja, imerefuka kupita wenzake. Siku moja dereva wa watalii akaniletea wageni waliocheleweshewa ndege hapo uwanjani. Mmoja akaushika, akauliza kama ulikuwa wa watumwa. Nawaambia ukweli, niliikumbuka kodi, nikasema ndiyo. Akatoa noti ambayo sikuwahi kuiona humu ndani. Wiki ya pili nikaandika kibao. Ya tatu nilishajua hata ile pete ndefu ilikuwa ya shingo. Mnacheka, lakini wageni walilia, na mimi nikawa nawagawia tishu.

Njia ya mwongo ni fupi. Yule mjane akaja, amevaa buibui lake jipya, na wajukuu wawili, kuwaonyesha vitu vya babu yao. Akasimama mbele ya kibao akakisoma polepole. Nilitamani ardhi ipasuke. Wala hakupandisha sauti.

"Mwalimu," akaniambia, "mume wangu alikuwa mtumwa wa nani?"

Akawashika wajukuu wake wakaondoka. Nikakaa chini nikalia, kisha nikaking'oa kile kibao. Nikampigia yule dereva nikamweleza ukweli, na tangu hapo hakuleta mgeni tena. Mwisho wa mwezi mwenye jengo akaniambia nimebakiwa na siku thelathini.

Sasa ndugu zangu, nawaambia jambo la ajabu. Pamoja na hofu yote ile, bado kulikuwa na kitu kinaniwasha. Ile pete. Mbona ilirefuka? Nilikwenda kwa mjane nikapiga hodi, sikufunguliwa. Nikaenda tena, sikufunguliwa. Mara ya tatu akaniambia karibu. Nikamwomba radhi, kisha nikamuuliza nilichopaswa kumuuliza siku ya gunia.

Mumewe alikuwa kuli bandarini, na mnyororo ule ulikuwa wa kuinulia mizigo. Siku moja ile pete ilivutika kwa uzito. Akamwambia nyapara wao kwamba mnyororo utakatika, utaua mtu. Nyapara akasema bado unafaa. Basi mumewe akajizungushia mnyororo kiunoni chini ya ovaroli, akatoka nao langoni anatembea kama mja mzito. Mjane mwenyewe alicheka hapo. Wakubwa walipomuuliza hakukana kwamba kauchukua, ila hakusema ulipo. Akafukuzwa kazi kwa wizi. Mnyororo ulikaa mvunguni mwa kitanda chao hadi alipofariki.

"Alikufa anaitwa mwizi," akasema. "Nilikuletea ili uniulize."

Jumamosi iliyofuata alikuja hapa na mzee mmoja aliyefanya kazi na marehemu. Mzee akaipapasa ile pete kwa kidole gumba. Akasema wote waliamini mwenzao aliuuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wakaacha hata kumsalimia. Akalia mbele yetu. Jumamosi nyingine akaleta makuli wenzake wastaafu, kila mmoja na kitu chake mkononi. Wakabishana humu hadi adhuhuri jinsi ya kufunga kamba ya magunia ya kahawa, na mimi daftari likajaa. Mmoja wao ni mwanachama mwenzetu, na ndiye aliyewafikishia habari zangu.

Na nyinyi mkaamua mikutano yetu ihamie hapa, ile kodi ya ukumbi tuliyokuwa tukilipa kwingine ije huku. Mwenye jengo akaridhika. Ahsanteni, wallahi sina cha kuwalipa. Namshukuru yule mzee aliyekubali kulia mbele ya watu. Na yule mama aliyenifungulia mara ya tatu. Ningekuwa yeye, nisingefungua.

Funzo langu ni dogo. Ukiniletea kitu, usikiache ukaenda zako. Kaa nikuulize, na usilolijua sema hulijui. Mtu alikuwa ameshaonewa akiwa hai, nami mwalimu mzima nikamwonea tena kaburini, kwa sababu tu nilijifanya najua.

Jina lake sikulitaja, nimemtii mwenyekiti. Lakini limeandikwa pale ukutani kwa mkono wa mkewe. Mkitoka, piteni mlisome kwa sauti.