Kijitaa Kilichomponza Mwalimu Kificho

Mheshimiwa mgeni rasmi, pamoja na Sheha wetu Mzee Mmanga, walimu na wazazi, assalaam alaykum.

KARIBU
Sisi Klabu ya Sayansi hapa Wambaa tunakukaribisha kwa furaha. Ulitarajiwa asubuhi, sasa ni alasiri, na furaha bado tunayo.

HISTORIA
Klabu ilianzishwa na Mwalimu Kificho kwa redio mbovu ya jirani yetu Bi Moza. Humo tulichomoa transista mbili, kapasita mbili na kijitaa chekundu. Transista ni mlango wa umeme: mmoja ukifunguka, mwenzake hufungwa. Kapasita ni kidumu cha umeme: ikijaa, transista zinabadilishana. Ndiyo maana taa huwaka, huzima, huwaka tena.

MAFANIKIO
Taa yetu iliwaka dirishani wiki ya uchaguzi. Wa kwanza kuisifu alikuwa Mzee Mmanga:

"Inamkonyeza nani hii?"

Siku ile ile wakaja wakubwa wawili wenye bunduki. Mwalimu akawaeleza kama anavyotueleza sisi. Mmoja akauliza, "Zinabadilishana kwa amri ya nani?"

Mwalimu wetu, maskini, akajibu kweli: "Hazina mkubwa, bwana. Moja ikimaliza muda wake, humpisha mwenzake."

Akapakiwa garini, na taa mapajani. Hatujui klabu nyengine Pemba ambayo kazi yake imelindwa kwa bunduki. Tunajivunia sana.

CHANGAMOTO
Uchunguzi ulikwisha. Taa haikuonekana na kosa, wala mwalimu. Hata hivyo taa haijarudi, na mwalimu kahamishiwa skuli ya mbali kufundisha mpira, naye mguu wake wa kushoto haukunjiki. Fizikia tunajisomea: mwenzetu Widad anasoma kitabu kwa sauti, sisi tunaitikia. Maabara unayotufungulia leo ni nzuri, ina marumaru. Umeme haina.

MAOMBI
Umeme tunaweza kuusubiri, tumeshazoea. Tunachoomba ni kurudishiwa Mwalimu Kificho. Mkewe, Bi Hamdiya, amekaa safu ya nyuma; alituomba tusimtaje.

Tumeunda taa nyengine, ya betri, iko mezani mbele yako. Tumeagizwa tusiiwashe bila ya idhini yako. Swichi iko karibu na mkono wako wa kulia, Mheshimiwa. Ukiibonyeza, tutajua nasi tumesikilizwa. Usipoibonyeza, pia tutajua.

Mwenyezi Mungu akujaalie afya, akufikishe salama kwa watoto wako, na walio mbali nao awafikishe kwa watoto wao. Amin.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Klabu ya Sayansi, Wambaa.
Imesomwa na Asma Jaribu.