Maji ya Ukwaju Niliyompikia Sumirah

Lastri mwanangu, na wewe Wening mjukuu wangu, sogeeni, sauti yangu leo haifiki mlangoni. Nisikilizeni, msinikatize. Nyumba ni ya Lastri. Kikapu changu cha mgongoni, chupa zake na kitambaa cha kubebea ni vya Wening, aliyekubali kupitisha dawa nyumba kwa nyumba wakati wenzake wanakimbilia viwandani.

Sasa la Sumirah. Ni mdogo wangu, tumbo moja, na mama alitufundisha sote kuponda manjano na ukwaju kwa ajili ya chango la hedhi. Walimu wa chuo walipokuja kupima kama kweli dawa hiyo inatuliza, wakamchagua nani apike ya kweli? Yeye! Mimi nikaambiwa, "Bibi Tukinah, wewe tupikie ya uongo, ifanane kwa rangi na ladha, ila manjano usitie." Nikapika ukwaju na sukari guru, nikatia rangi ya keki, na wasichana wa shule wakagawanywa, hawa wanywe yake, hawa yangu, bila kujua ipi ni ipi.

Majibu yakatoka. Wasichana waliokunywa yake walipata nafuu kubwa, na picha yake ikabandikwa zahanati, meno yote nje. Lakini baadhi ya wangu nao waliinuka kitandani! Nikamwambia, "Umeona? Yangu haina kitu na bado inatibu."

Akacheka mbele ya watu. "Dada, hao wamejiponya wenyewe kwa imani. Wangu nimewatibu mimi."

Tangu siku hiyo wateja wangu wakahamia kwake mmoja mmoja, nami nikipita pale zahanati nageuza uso. Wivu? Ndiyo, wivu, na unaniuma kuliko haya maradhi.

Wening, usiiname. Najua chango likikubana unapitia mlango wa nyuma kwenda kunywa kwake, na yangu ya kweli ipo jikoni. Niliumia, mama. Lakini ukiwa na kikapu bila wateja, utakula nini? Nenda kwake akufundishe, umbebee chupa, umwite Bibi kwa adabu.

Nipe maji... kidogo tu. Lastri, usiuze kinu. Mungu awape afya, awape riziki, mpendane.

Na wewe Wening, mwambie Sumirah... mwambie nilionja yake, na inaishinda yangu. Ila ngoja kwanza mnizike. Sitaki kumsikia akicheka.