Barua ya Hiza

Sogeeni karibu, Zuena, nawe Isihaka, sauti yangu haifiki mbali tena, na ninyi wazazi wao msinikatize. Shamba la bondeni ni la wanangu wote, lisigawanywe. Baiskeli achukue Isihaka. Lililobaki ni hili la wajukuu wangu kutaka kuandika vitabu, eti wamerithi kwa babu. Mkiwaambia wageni hivyo, natamani kujifunika shuka.

Uhuru ulipokuwa bado mchanga, huku kwetu Handeni waliojua kusoma walikuwa wachache, nami ndiye niliyefuata barua za watu posta na kuwasomea. Tatu, jirani huyu mnayemwamkia kila siku, mumewe Hiza alikuwa Korogwe akikata mkonge. Siku moja ikaja barua yake, nikaifungua njiani: Hiza ameoa huko, amemwacha Tatu, asimngoje, aolewe. Nilipofika nilimkuta ameshatandika mkeka, anatabasamu. Nikashindwa. Nikamsomea maneno niliyoyatunga palepale, kwamba Hiza anamkumbuka na amngoje kwenye nyumba ileile. Alicheka mpaka akafuta machozi, nami, Mungu anisamehe, nilijisikia fundi. Kesho yake nikampelekea karatasi niliyoiandika mwenyewe, kisha nyingine, na nyingine, miaka saba, naye akazitunza kwenye kopo.

Wachumba wawili, waliodhani ameachwa, aliwakataa. Ilipokuja operesheni ya kuhamia vijijini sote tulibeba mizigo, yeye akang'ang'ania kubaki, akisema Hiza akirudi hatamkuta. Mgambo waliezua paa yeye akiwa ndani. Mimi nilisimama njiani na godoro langu kichwani, nikanyamaza.

Baadaye nikapewa kufundisha kisomo cha watu wazima, na Tatu akawa mwepesi kuliko wote. Jioni moja alikuja na kopo lake, akafungua barua moja, akaitazama, akatazama ubao niliokuwa nimeuandika.

"Mwalimu, kumbe mwandiko ni wako," akasema.

Akafunika kopo, akaondoka. Hajanisemesha tena tangu siku ile, na mimi miaka minane nimeshindwa kwenda kubisha hodi kwake, hapo tu ng'ambo ya kisima.

Basi wajukuu zangu, tungeni, sikatazi, lakini anayewasoma ajue kwamba mmetunga. Neno likiwa tamu sana mdomoni, jiulizeni mnataka nani awapende. Mimi niliogopa kuuona uso wa Tatu ukibadilika, nikamwibia ujana wake, na aibu hii ndiyo... nipeni maji kidogo.

Chini ya kanzu yangu, sandukuni, ipo barua ya Hiza yenyewe. Zuena, mpelekee. Msalimie kwa heshima, umpe mkononi, hahitaji kusomewa. Mwambie babu anaomba radhi, basi, usiongeze neno. Usimwambie nimelia. Asipotaka kuja mazikoni, asilaumiwe na mtu.

Mungu awape macho ya kuona na... na ujasiri wa kusema mlichokiona. Nenda sasa hivi, mjukuu wangu, ningali hai, nisije nikamtungia nyingine.